Jagi la Shingo ya Fedha

Nyumbani kwetu kulikuwa na kabati la vioo ambalo vyombo vyake havikutumiwa na mtu. Lilisimama sebuleni likitazama mlango, na ndani yake mama alikuwa amepanga bilauri kumi na mbili alizopewa siku ya harusi yake, jagi moja lenye maua ya buluu, na seti ya vikombe ambayo visahani vyake viwili vilivunjika kabla sijazaliwa. Wageni walipokuja walinywea vikombe vya bati. Zile bilauri zilikuwa zimewekewa mgeni mwingine, mkubwa zaidi, na sikuwahi kumwona akifika.

Mara moja kwa mwaka, wiki ya Krismasi, mama alizishusha. Alitandika taulo kuukuu ndani ya beseni, akamimina maji ya uvuguvugu, akakamulia malimau mawili, akazilaza bilauri humo asubuhi nzima huku akiendelea na kazi zake. "Usizisugue," alikuwa akisema. "Ziache zilale, uchafu utatoka wenyewe." Mchana alizitoa moja moja, akazifuta kwa kipande cha kanga kilicholainika, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Siku hiyo nyumba nzima ilinukia limau. Katika yote niliyoyaacha nyumbani, harufu hiyo ndiyo inayonifuata zaidi.

Nimeanza na beseni la mama kwa sababu kosa nililolifanya Doha lilianzia humo, na aliyeteseka kwa ajili yake ni mtu mwingine.

Nilifika Doha nikiwa na miaka arobaini na moja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na tangu hapo sikukaa mahali. Nilikuwa mhudumu wa hoteli Mombasa, nikaenda Juba kuwa msaidizi kwenye malori, nikarudi, nikaenda Dubai kulinda jengo la maofisi. Watu hudhani anayehamahama anatafuta kitu. Mimi, nikisema ukweli, nilikuwa ninaondoka tu. Mahali popote palipoingia neno baya kati yangu na watu, au kitu kilipoharibika mikononi mwangu, nilifunga begi. Kisha nikifika mahali papya nilianza kupakumbuka pale nilipotoka kana kwamba palikuwa peponi.

Nyumba niliyoajiriwa Doha ilikuwa na watu wachache. Bosi mwenyewe alikuwa safarini mara nyingi. Madam, mkewe, alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye kusema kwa sauti ya chini hata anapokasirika. Walikuwa na binti mmoja aliyekuwa anamalizia chuo. Mimi nilikuwa dereva. Lakini dereva wa nyumba ana saa nyingi za kukaa bila kazi, na madam aliponiona nikikaa bure aliniuliza kama mikono yangu inatetemeka. Nilimwonyesha haitetemeki. Ndipo akanipeleka kwenye majlisi, chumba cha kupokea wageni, akafungua kabati.

Ndani mlikuwa na majagi tisa. Yalikuwa ya Kifaransa, ya kale, ya kioo kilichochongwa mistari iliyojipinda kuanzia chini kwenda juu kama kitambaa kilichokamuliwa, na kila moja lilikuwa na shingo, mkono na kifuniko cha fedha. Fedha yenyewe ilikuwa imefinyangwa mizabibu, makombe ya baharini, utepe uliofungwa na kufunguka. Kubwa kuliko yote lilikuwa na uso wa mzee mwenye ndevu chini ya mdomo wa kumiminia, na ndevu zake zilikuwa majani. Kila ulipomimina ungekuwa unampitishia kinywaji juu ya kichwa.

"Yalitengenezwa kwa ajili ya mvinyo," madam aliniambia siku hiyo ya kwanza, akacheka kidogo. "Katika nyumba yangu hayajawahi kuuona."

Alikuwa ameyanunua moja moja kwa miaka mingi, mengi katika minada ya Paris alikokuwa akienda na mumewe. Alinionyesha muhuri kwenye fedha, mdogo kuliko punje ya mchele: kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya chuma. Ndio uliothibitisha kwamba fedha ni safi. Kisha akanieleza jambo ambalo limekaa nami. Alisema ukiyatazama utadhani yametoka katika kasri la wafalme wa zamani wa Ufaransa, kwa sababu yamepambwa jinsi wafalme wale walivyopenda. Lakini wafalme walikuwa wameshaondoka zamani yalipotengenezwa. Nje ya karakana kulikuwa na treni na moshi wa viwanda, na ndani mafundi walikuwa wanaiga mapambo ya miaka mia moja nyuma, kwa sababu hivyo ndivyo wateja walivyotaka.

"Kwa hiyo ni ya bandia?" nilimuuliza.

"Hapana. Ni ya kweli kabisa. Ni kweli ya watu waliokuwa wanatamani zamani."

Nilimwelewa haraka kuliko alivyotarajia. Hata zile bilauri za mama, zenye ukingo wa dhahabu, zilikuwa zinaiga za Wazungu waliokuwa na mashamba upande wa kwetu zamani, watu ambao mama hakuwahi kuingia sebuleni mwao.

Tangu hapo kila Jumanne nilifuta yale majagi. Maagizo ya madam yalikuwa mafupi: kitambaa laini, kikavu, taratibu. Kwenye fedha, pamba tu. Niliyafuata, lakini moyoni nilimwona kama mtu ambaye hajawahi kuosha chombo maishani mwake na anaogopa maji.

Jikoni alikuwa dada mmoja kutoka Bungoma. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mfupi, mwenye kicheko kilichosikika hadi getini, na tangu wiki ya kwanza aliniita mzee kwa sababu ya mvi zangu.

"Mzee wa vioo," alikuwa akiniambia nikipita na vitambaa vyangu. "Kwetu mwanaume akishinda akipangusa vikombe wanamwitia mchungaji."

"Na mwanamke akishinda akicheka bila sababu?"

"Huyo wanamwacha. Anaongezea watu siku."

Alikuwa amemwacha binti yake kwa mama yake akiwa na miaka mitatu na nusu. Sasa mtoto alikuwa na zaidi ya mitano, na kwenye simu alikuwa amekuwa na haya. Alikuwa akimwamkia kwanza, "Shikamoo auntie," kisha bibi yake anamnong'oneza, ndipo anasema, "mama." Dada alikuwa akituigizia hilo huku akicheka, lakini akishamaliza kucheka alikuwa anatafuta kitu cha kuosha.

Likizo yake ya baada ya miaka miwili ilikuwa imefika. Madam alikuwa ameshakubali, tiketi ilikuwa ya wiki ya pili baada ya sherehe ya uchumba wa binti wa nyumba. Kila Ijumaa, siku yake ya kupumzika, dada aliliburuta sanduku kutoka chini ya kitanda hadi ukumbi wa nyuma, akaninginiza mizani ndogo ya mkono kwenye kishikio chake, akaniita nilinyanyue ili yeye asome.

"Kilo ishirini na tisa na nusu. Mzee, umelishika vizuri?"

"Nimelishika."

"Basi natoa sabuni moja. Ama nitoe viatu vyangu? Viatu vya mtoto sitoi." Alikuwa amemnunulia viatu vyeusi vya shule, na alikuwa amemwomba mama yake apime mguu wa mtoto kwa uzi na kumtumia picha. Alinunua kubwa kidogo kuliko uzi. Alisema mguu wa mtoto haungoji.

Kwa sherehe ya uchumba, wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wanakuja alasiri kuona nyumba na kuonwa. Madam aliamua kwamba safari hii majagi yatoke kabatini, na yatiwe sharubati: ukwaju, limau na nanaa, zabibu. Alilisema hilo kama mtu aliyefanya uamuzi mgumu. Nilifurahi kupita kiasi. Niliona kana kwamba yule mgeni mkubwa wa mama hatimaye amekata tiketi.

Asubuhi ya siku yenyewe niliyatoa yote tisa. Manane yalikuwa safi. Lile kubwa, la mzee mwenye ndevu, lilikuwa na duara jeupe ndani, chini kabisa, alama ya maji yaliyokauka. Pengine kuna mtu aliwahi kutia maua humo miaka ya nyuma. Kitambaa hakikufika. Nilijaribu kijiti chenye pamba, hakikusaidia. Na kioo kilichochongwa vile, ukikitia ukwaju, kila doa huonekana mara kumi.

Nilienda kwenye chumba cha kufulia, nikatandika taulo ndani ya beseni, nikamimina maji ya uvuguvugu, nikakamua malimau mawili. Nikalilaza jagi humo, lote, na shingo yake ya fedha. Sikufikiri hata mara moja. Mikono ilikuwa inajua. Nikafunga mlango nikaenda kuosha gari, na kila niliporudi kuchungulia harufu ya limau ilinipokea, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Doha sikutamani kuwa mahali pengine.

Adhuhuri nililitoa. Lile duara lilikuwa limeondoka. Niliponyanyua taulo niliona chini ya beseni kitu cheupe kimetua, kama unga uliochanganywa na maji. Nikasema: tazama uchafu wa miaka yote hiyo. Nilijisifu. Nikaumwaga.

Nililifuta kwa kitambaa, nikaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Lilikuwa zuri sana. Dada alipoliona aliweka mikono kiunoni.

"Mzee, hili limeoshwa na malaika."

"Limeoshwa na mtoto wa mama yangu."

Wageni walifika saa kumi. Wanaume hatukuingia. Mimi nilikuwa kwenye korido nikipokezana na dada trei zinazotoka na kuingia, kwa hiyo niliona kwa uwazi wa mlango. Mama wa bwana harusi alikuwa ameketi katikati, abaya yake ina nakshi ya rangi ya majivu mikononi. Dada aliweka trei mezani, akalishika jagi kubwa kwa mkono wake wa fedha, mkono mwingine akaukinga chini ya kioo, vilevile alivyofundishwa. Alilinyanyua. Kisha, ili amimine, akautoa ule mkono wa chini ashike bilauri ya mgeni, kama afanyavyo kila mtu anayemimina.

Kioo kilichomoka. Hakikuteleza wala hakikugonga popote. Kilishuka chenyewe kutoka ndani ya shingo ya fedha, kizima, kikatua kwenye ukingo wa meza ya marumaru, kikapasuka. Ukwaju ukamwagika juu ya ile abaya na zulia, na dada akabaki amesimama, mkononi ameshika shingo, kifuniko, na uso wa mzee mwenye ndevu.

Hakuna aliyepiga kelele. Madam alisema neno moja tu, "Khalas," yaani basi, imekwisha. Alilisema kwa sauti ileile ya chini, akamwinamia mgeni wake kumpangusa. Dada alitoka na ile shingo kifuani kama mtu aliyebeba ndege. Alipofika kwangu kwenye korido alisimama.

"Nilishika vizuri?" aliniuliza. "Mzee, si uliniona? Nilishika vizuri?"

"Ulishika vizuri," nilimwambia.

Nilikuwa sijaelewa bado, lakini ule unga mweupe wa kwenye beseni ulikuwa umenirudia machoni.

Kesho yake madam alinituma kwa fundi wa fedha. Vipande vilikuwa ndani ya taulo kwenye kiti cha nyuma. Fundi alikuwa mzee kutoka Halab ya Syria, mwenye kikarakana cha mlango mmoja nyuma ya soko la zamani, na alivaa kioo cha kukuzia jichoni hata alipokuwa akinywa chai. Aliitazama shingo kwa muda mrefu kabla ya kuigusa.

"Kazi nzuri," alisema. "Waliotengeneza hii walikuwa na ugonjwa wetu."

"Ugonjwa gani, mzee?"

"Wa kutazama nyuma." Akaigeuza, akaingiza kidole ndani, akakitoa. Kilikuwa na chembe chache nyeupe. "Hapa palikuwa na plasta ya jasi. Fedha haishikani na kioo yenyewe. Wanajaza plasta katikati, inakauka, inakaa miaka mia na zaidi. Ina adui mmoja tu."

Sikumuuliza adui gani.

"Kililowekwa kwa saa ngapi?" aliniuliza.

"Asubuhi moja," nilisema.

Alikitoa kile kioo jichoni akanitazama kwa macho mawili. Hakuniuliza ni nani. Mikono yangu ilikuwa juu ya meza yake, na nadhani ilikuwa imeshamjibu.

"Kioo hakirudi," alisema. "Shingo nitaisafisha. Nimpigie simu madam nimweleze?"

"Nitamweleza mwenyewe."

"Vizuri, mwanangu. Ni vizuri zaidi hivyo."

Kutoka sokoni hadi nyumbani ni safari ya dakika chache kwa barabara ya ufukweni. Nilizunguka. Nilienda hadi West Bay, nikapita chini ya yale majengo marefu, nikarudi, nikapita tena. Nilikuwa ninapanga maneno. Nilikuwa pia, kwa upande mwingine wa kichwa, ninafikiria kampuni moja ya ulinzi ambayo rafiki yangu alikuwa amenitajia, na kama bado wanaajiri. Hivyo ndivyo nilivyo. Begi langu hujifunga lenyewe.

Madam alikuwa majlisini, amesimama mbele ya kabati lenye pengo.

"Fundi amesema nini?"

"Amesema kioo hakirudi, madam. Shingo ataisafisha."

"Na kwa nini kilichomoka?"

Nilikuwa nimesimama kwenye zulia lenye doa la ukwaju. Ningesema maneno matatu tu: mimi nililitia maji.

"Ni cha zamani, madam," nilisema.

"Ni cha zamani," alirudia. Alilifunga kabati, akautia ufunguo mfukoni, na mimi nikatoka.

Jioni hiyo dada aliniita jikoni. Alikuwa amevimba macho lakini alikuwa ameshaanza kupanga.

"Mzee, fundi amesema ni cha zamani, si ndiyo? Madam ameniambia. Sasa kama ni cha zamani si makosa yangu. Si umwambie tena? Wewe anakusikiliza. Mwambie uliniona, nilishika kwa mikono miwili."

"Nitamwambia."

"Aki nitakununulia soda za Bungoma nzima."

Nilimwambia madam, kweli. Nilisema dada alilishika vizuri, niliona kwa macho yangu. Madam aliitikia kwa kichwa. Alisema anajua si mkorofi. Lakini wale wakwe watakuwa wanaingia na kutoka hadi harusi, na kila wakimwona watakumbuka ukwaju kwenye nguo, na binti yake amelia siku mbili. Dada yake madam anayekaa Lusail, mji mpya nje ya Doha, alikuwa amejifungua mapacha na msaidizi wake ameondoka. Angempeleka huko. Kuhusu likizo, wale wa Lusail walikuwa wanamhitaji sasa hivi. Amengoja miaka miwili, miezi michache haitamdhuru.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Kama ningesema, angenipeleka mimi kokote alikotaka, na yule dada angepanda ndege wiki ile. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale, sikulijua baadaye. Nikasema, "Sawa, madam."

Mimi ndiye niliyempeleka Lusail. Sanduku lilikuwa kwenye buti, ishirini na tisa kamili, lilivyopimwa Ijumaa ya mwisho. Alikaa mbele kama kawaida, mkoba mapajani. Tulipita majengo mapya, mengine bado hayana watu, barabara pana zimepandwa nyasi pande zote. Tulipokaribia alifungua kiganja chake akakitazama.

"Labda mkono wangu ulikuwa na jasho," alisema.

"Haukuwa na jasho."

"Wewe utajuaje?" Akacheka, kicheko kile, lakini kilikatikia njiani. "Basi ni bahati yangu tu. Watu wengine wameumbiwa bahati ya kupasua."

Nilimbebea sanduku hadi mlangoni.

Miezi ilipita. Shingo ya fedha ilirudi kutoka kwa fundi, inang'aa, na madam aliiweka kabatini mahali pa jagi, peke yake, mzee mwenye ndevu akitazama hewa. Sikupewa tena kazi ya kufuta. Siku hizo nilipiga simu kwa ile kampuni ya ulinzi, wakaniambia nije. Sikwenda. Sijui kuieleza vizuri. Maisha yangu yote nilikuwa nimeondoka mahali palipovunjika kitu, na safari hii kila nilipofungua begi niliona siwezi kuondoka na kumwacha mtu mwingine amefungiwa ndani ya kosa langu.

Kisha siku moja mchana, nikiwa nimeegesha gari Pearl, kile kisiwa cha maduka, nikimngoja madam atoke dukani, dada alinitumia ujumbe wa sauti. Tulikuwa bado tunatumiana salamu. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Mtoto ameng'oka jino la kwanza, la mbele. Bibi amemsaidia kulirusha juu ya paa. "Anapiga filimbi akiongea, mzee. Sss, sss. Na vile viatu, mama anasema apime tena mguu, mimi nimekataa. Sitaki kujua."

Nilikaa na ile simu mkononi. Madam alipoingia ndani ya gari, kabla sijawasha injini, nilimwambia. Nilimwambia mgongo ukiwa kwake, nikiuangalia usukani: beseni, malimau, ule unga mweupe, fundi, yote. Nilimwambia hata kuhusu mama yangu, jambo ambalo halikumhusu.

Watu walikuwa wanapita na mifuko ya maduka.

"Nilikuambia kitambaa kikavu," alisema.

"Ndiyo, madam."

"Na wewe ukaona sijui." Hakungoja jibu. Alichukua simu akampigia dada yake, wakazungumza Kiarabu cha haraka, na mara mbili nilisikia neno la safari. Alipokata alisema, "Amekubali, baada ya Ramadhani. Mapema zaidi hawezi, watoto wanaugua." Kisha akasema, "Twende nyumbani." Mpaka leo hajanitajia tena jambo hilo, na mpaka leo hajanipa tena mkononi chombo chochote, hata kikombe.

Usiku, hapana, ilikuwa jioni tu, jua halijazama vizuri, nilimpigia dada. Nilimweleza kama nilivyomweleza madam, lakini bila mama. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Siku ile kwenye gari, nikikuambia mkono wangu ulikuwa na jasho."

"Nilijua."

"Na ukanibebea sanduku." Alivuta pumzi. Nyuma yake mapacha walikuwa wanalia, mmoja akinyamaza mwenzake anaanza. "Mimi nimekuwa nikiamka nikijishika hii mikono, unajua? Nikibeba watoto wa watu naogopa itawaachia. Sawa, mzee. Acha niende, wanalia."

Hakunipigia tena.

Baada ya Ramadhani nilimwomba madam ruhusa ya kumpeleka uwanja wa ndege. Alinitazama, akasema niende. Nilifika Lusail asubuhi mapema. Dada alitoka na sanduku lilelile, na kwenye mkoba wake niliona boksi jipya la viatu, kubwa kuliko lile la kwanza. Alinisalimia, "Habari ya asubuhi." Hakuniita mzee. Alifungua mlango wa nyuma akaketi nyuma.

Njia nzima nilimwona kwenye kioo cha mbele akitazama nje. Nilitaka kumwambia kwamba sikuhama, kwamba bado niko, kana kwamba hilo lingekuwa zawadi kwake. Sikusema. Niliwasha kiyoyozi, nikakizima, nikakiwasha.

Uwanja wa ndege niliegesha pale pa kushushia abiria, nikakimbilia buti, nikalitoa sanduku. Nilikuwa nimeshalishika kishikio niliposikia mkono wake juu ya wangu.

"Wacha," alisema. "Nitabeba mwenyewe."

"Ni zito, dada."

"Najua uzito wake." Akaupitisha mkoba begani, akalishika sanduku kwa mikono yote miwili, ingawa lilikuwa na magurudumu, akalinyanyua kutoka barabarani hadi kwenye njia ya waendao kwa miguu. Alinitazama kuhakikisha kwamba nimeona. Kisha akaliburuta hadi milango ya vioo ikafunguka.

Askari wa barabarani alinipigia filimbi niondoe gari.